Kutoka mikoko ya Sahare hadi kangaga za Amani: safari ya kuifuata mimea iliyopanda nchi kavu

Nimesharudi Dar, na daftari langu limelowa kurasa za katikati, kwa hiyo baadhi ya sehemu hapa nimezijenga upya kwa picha za simu. Ilikuwa mwezi wa 5, masika yakielekea kuisha. Nafundisha baiolojia sekondari, na kila nikifika kwenye uainishaji wa mimea nachora ubaoni ngazi ile ile: mwani, mosi (vimea vidogo vya kijani vinavyotanda kwenye mawe na udongo wenye unyevu), kangaga (mimea yenye mishipa lakini isiyo na maua wala mbegu), mimea ya mbegu, mimea ya maua. Nilitaka kuiona yote inapoishi. Mkoa wa Tanga unayo: bahari, mikoko, mashamba ya mkonge na msitu wa Usambara Mashariki, vyote kwa mwendo wa saa chache. Swali nililobeba lilikuwa moja tu. Kila mmea niliokutana nao niliuuliza: maji unayapata wapi, na unafanyaje yasikutoke?

Alhamisi: Dar, Segera, Tanga

Basi la saa 12 asubuhi kutoka stendi ya Mbezi, nauli Sh 22,000. Mpaka Msata hakuna la kusimulia. Tulipopita Mkata tairi la nyuma likapasuka, na tairi la akiba nalo likawa halina upepo. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja, jua limewaka. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Handeni alinivuta chini ya mwavuli wake, akanikatia nusu ya muhogo wake wa kuchoma bila hata kuniuliza jina. "Kula, mwanangu, Tanga haihami."

Segera ndipo njia inapogawanyika: kushoto Korogwe na Moshi, kulia Muheza na Tanga. Ukishika kulia, karibu na Hale, mkonge unaanza kujipanga mistari. Niliomba kiti cha dirishani kwa ajili ya hapo tu. Mkonge ni mgeni kutoka Mexico; Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 mwaka 1893, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Mashamba makubwa yaliyofuata yalitokana na vile 62.

Kilichouwezesha mmea ule kuvumilia safari ndefu ndicho kinachouwezesha kusimama kwenye jua kali. Kila mmea wa nchi kavu una mgogoro mmoja usiokwisha: ili ule, lazima ufungue matundu ya majani uingize hewa ya ukaa, na matundu yakiwa wazi maji yanatoka. Kwa kila molekuli ya hewa ya ukaa inayoingia, mamia ya molekuli za maji hupotea. Mimea mingi hufungua mchana na kulipa gharama hiyo. Mkonge hufungua usiku, hewa ikiwa na ubaridi na unyevu, unahifadhi ile hewa ya ukaa katika umbo la asidi, kisha mchana unafunga matundu na kuitumia asidi ile jua likiwaka. Kukipambazuka jani la mkonge huwa lina asidi nyingi kuliko jioni.

*Kwa watakaofuata:* mabasi ya asubuhi ndiyo ya kutegemea. Ukichelewa ukapanda la mchana, utaingia Tanga usiku na shamba la mkonge hutaliona.

Ijumaa: Sahare, maji yakiwa yamekupwa

Uliza wavuvi saa ya maji kupwa kabla hujatoka, vinginevyo utakuta mikoko imesimama majini na hutaona kitu chini yake. Mimi nilifika bamvua, maji yamekwenda mbali. Bodaboda kutoka mjini ilikuwa Sh 3,000.

Pwani ilikuwa imetupa mwani, mafundo mafundo. Dada mmoja aliyekuwa akitafuta chaza aliniona ninaupiga picha, akaniambia amewahi kulima mwani. Akaokota kipande, akanionyesha jinsi usivyo na mzizi, usivyo na mshipa. Nilimuuliza mwani unakula nini bila mzizi. "Maji yanaupitia kila mahali, kwa nini ujisumbue?" Sijawahi kulieleza jambo hilo darasani vizuri kuliko alivyolieleza yeye. Ndani ya maji mwili mzima unakunywa, mwili mzima unakula, na maji yenyewe ndiyo yanayoubeba usianguke. Toa maji hayo, vyote vitatu vinapotea kwa mara moja.

Hapa nataka kukaza jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulikosa. Mimea ya nchi kavu haikutokana na mwani wa baharini kama huu. Mwani unaolimwa pwani yetu ni wa kundi la mwani mwekundu, ndugu wa mbali sana. Vinasaba vinaonyesha kwamba jamaa wa karibu zaidi wa mimea yote ya nchi kavu ni mwani wa kijani wa maji baridi, kundi lenye Spirogira, zile nyuzi za kijani zenye utelezi zinazoota kwenye madimbwi. Ukifikiri, inaeleweka. Bahari haikauki. Dimbwi hukauka, na kiumbe kinachoishi dimbwini lazima kijifunze kuvumilia ukavu pale pale kwao, kabla ya kwenda popote. Spora kongwe (chembe za uzazi za mimea isiyo na mbegu) zinazofanana na za mimea ya nchi kavu, zenye kuta ngumu za kuzuia ukavu, zimo kwenye miamba ya kama miaka milioni 470 iliyopita.

Mikoko, basi, haiko mwanzoni mwa ngazi yangu ya ubaoni ingawa inakaa majini. Ni mimea ya maua, wajukuu wa watu wa bara waliorudi pwani na mizigo yao yote. Nilikaa chini ya mchu. Vipumulio vyake vilitoka matopeni mamia kwa mamia, wima, vinene kama kidole, kila kimoja na vitundu vya kuvutia hewa kwa sababu matope yale hayana oksijeni ya kutosha mizizi. Nikachuma jani moja, nikalamba upande wa juu: chumvi kali. Mchu hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kupitia majani. Jani lililokauka juani ukiligeuza kwenye mwanga linameta chembechembe. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, haukuiacha mbegu yake ianguke hivi hivi. Mbegu inaota ingali juu ya mti, mche mrefu wa kijani unaning'inia, ukidondoka unajichoma matopeni au unaelea ukatafute pengine.

Mvuvi aliyerudi na ngalawa alinitajia wengine: mkandaa, msindi, mlilana ulio mbele kabisa kuelekea bahari. Hakutaka malipo. Nilimnunulia chai.

Baada ya swala ya Ijumaa nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka, Sh 6,000, nikalala mapema.

Jumamosi: Tanga, Muheza, Sigi

Daladala hadi Muheza haina tabu. Tabu inaanzia Muheza. Gari la Amani lilikuwa liondoke saa 8 mchana. Liliondoka saa 10 na nusu, lilipojaa watu, magunia, na milango miwili ya mbao juu ya kereya. Muda wote ule nilikaa kwenye benchi la bibi mmoja anayeuza machungwa. Nilipomwamkia shikamoo na kumwambia nakwenda kuangalia kuvu na majani yasiyo na maua, alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanijazia mfuko wa machungwa na kukataa hela. "Ukirudi utanieleza umeona nini."

Barabara ni ya udongo mwekundu, inapanda. Mara mbili tulishuka wote, wanaume wakasukuma. Nauli Sh 6,000.

*Kwa watakaofuata:* kiingilio cha hifadhi ya msitu wa Amani hakipokelewi taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Mtandao pale langoni Sigi unakuja na kupotea, kwa hiyo weka salio kwenye simu ukiwa Muheza na usisubiri dakika ya mwisho. Lipa mwongozaji pia. Bila yeye utapita juu ya vitu vyote nitakavyovisimulia. Beba lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Ni nyepesi, na safari hii bila lenzi ni nusu safari.

Pale Sigi ofisi ya taarifa imo ndani ya nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, enzi za reli ya Wajerumani. Nilipata chumba kwenye nyumba ya wageni, nikalala na sauti ya mto.

Jumapili: Sigi kwenda Amani kwa miguu

Sigi iko kwenye mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, Amani karibu 900. Mwongozaji wangu ni mzee wa Kisambaa, mtaratibu, anayetembea bila kutoa sauti. Alipojua ni mwalimu, akaniita hivyo siku zote.

Hewa ndiyo ya kwanza kubadilika. Upepo wa Bahari ya Hindi unapiga milima hii, unapanda, unapoa, unaacha maji yake hapa. Wataalamu wanaamini kwamba bahari hiyo imeupa msitu huu unyevu wa kudumu kwa mamilioni ya miaka, na ndiyo maana viumbe vingi vya hapa havipatikani penginepo duniani.

Kwenye ukingo wa njia, udongo ukichuruzika maji, mzee akasimama. "Hiki ndicho unachotafuta?" Kilikuwa kitu bapa, cha kijani, kimelala juu ya udongo, hakina shina wala jani. Marchantia, jamaa wa karibu wa mosi. Nimekifundisha miaka mingi kwa mchoro. Nilipiga magoti, magoti yakalowa, nikaweka lenzi.

Juu ya ngozi yake kuna vitobo vidogo vilivyopangika, kila kimoja katikati ya chumba chake. Ni vitobo vya hewa, lakini havifungi. Mmea huu una nta kidogo, una milango, ila milango haina komeo. Maji yakipungua hauna la kufanya isipokuwa kukauka. Pembeni palikuwa na vikombe vidogo vyenye chembe za kijani ndani yake. Mzee alikusanya maji kwenye jani, akaangusha tone moja kikombeni. Chembe mbili zikarushwa nje. Kila chembe ni mmea mpya. Tone la mvua ndilo linalopanda shamba lake.

Hatua chache mbele, kwenye jiwe linalopigwa na jua, mosi ilikuwa imekauka, ya kahawia, imejikunja, ukiigusa inavunjika. Nikamwaga maji ya chupa yangu. Tulisubiri. Haikupita dakika tano, majani yale madogo kuliko ncha ya kalamu yakaanza kufunguka moja moja na rangi ya kijani ikarudi mbele ya macho yetu. "Huyu hafi, mwalimu," akasema mzee. "Analala." Ndivyo ilivyo. Mosi haipiganii kuyazuia maji. Ikikosa, inasimamisha kila kitu. Ikipata, inaanza tena. Ila kwa kukosa mishipa migumu ya kupandisha maji haiwezi kuwa ndefu, na mbegu zake za kiume lazima ziogelee kwenye unyevu ili zifikie yai. Kuna jambo lingine ambalo mosi na Marchantia wanalo na Spirogira hana: yai likisharutubishwa haliachwi liende zake. Kichanga kinakaa ndani ya mwili wa mama, kinalishwa naye. Mimea yote ya nchi kavu, hadi muembe wa uani kwako, inafanya hivyo. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko mizizi.

Mizizi yenyewe ilichelewa. Kule Rhynie, Scotland, chemchemi za moto ziligandisha mimea midogo ndani ya jiwe miaka kama milioni 407 iliyopita, na ndani ya seli zake zinaonekana nyuzi za kuvu zikiwa zimejichanua kama zinavyojichanua leo ndani ya mizizi. Baadhi ya mimea ile haikuwa na mizizi ya kweli. Kuvu ilikuwa ikiwachimbia maji na madini, nayo ikilipwa sukari. Nilifunua majani makavu nikaona nyuzi nyeupe. Zile nadhani ni za kuvu wanaoozesha tu, maana wale wabia huonekana kwa darubini. Lakini bibi wa machungwa akiniuliza kuvu nimeiona wapi, nina jibu.

Tulifika Amani alasiri, mvua ikiwa imeshaanza.

Jumatatu: Amani

Mvua ilinyesha hadi saa 5. Nilikunywa chai iliyolimwa milima hii hii na kusoma mabango. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo na baiolojia hapa mwaka 1902, pamoja na bustani ya mimea kutoka pande zote za dunia. Hifadhi ya mazingira asilia yenyewe, zaidi ya hekta 8,000, ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini.

Mvua ilipokatika tukashuka bonde lenye kijito, na pale zilisimama kangaga-miti, mara mbili na zaidi ya urefu wangu. Shina lina miiba na makovu ya majani yaliyoanguka. Ni refu kama mti lakini halinenepi kama mti. Linaimarishwa na mizizi yake yenyewe inayoteremka nje ya shina na kulifunika. Ndani mna mishipa iliyokazwa kwa lignini, ile dutu inayoufanya mti uwe mgumu. Bila lignini mshipa unaovuta maji kwenda juu ungebonyea. Jani linapopoteza maji linavuta yaliyo chini yake, nayo yanavuta mengine, mnyororo mmoja mpaka mzizini, bila moyo wala pampu. Yale maji yanayopotea matunduni, ambayo Alhamisi niliyaita gharama, ndiyo yanayofanya kazi ya kupandisha.

Nikageuza jani. Chini yake, mistari ya vidoa vya kahawia. Mzee alinishikia jani juani, mimi na lenzi. Kila kidoa ni fungu la vifuko vya spora, na kila kifuko kina mkanda wa seli mgongoni. Mkanda ukipoteza maji unapinda nyuma polepole, kifuko kinapasuka, kisha ghafla unarudi kwa nguvu na spora zinaruka. Niliziona zikiruka, kama vumbi lenye uhai. Ukavu ule ule unaoilaza mosi, kangaga inautumia kufyatua. Tulikaa pale mpaka mgongo ukaniuma.

Bado lakini haijaachana na maji. Spora ikitua inaota kuwa kijimmea bapa chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha, na juu yake mbegu za kiume zinaogelea. Mzee alinionyesha viwili kwenye udongo wa ukingo, vya kijani chepesi. Katika picha zangu zote za safari hii, hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye simu.

Juu ya kangaga kulikuwa na mtambara, mti wa Usambara ambao hupita mita 40. Nilielewa kwa shingo yangu kwa nini misitu ya kwanza, ambayo visiki na mizizi yake imehifadhiwa kwenye mawe ya jimbo la New York, ya miaka kama milioni 385, iligeuza dunia. Mshipa mgumu ukishapatikana, jirani akirefuka na wewe lazima urefuke, la sivyo unabaki kivulini. Mizizi iliyoshikilia miti ile ilipasua miamba na kutengeneza udongo mnene, na hewa ya ukaa angani ikapungua.

*Kwa watakaofuata:* jikinge miguu. Soksi ndefu, suruali ndani ya soksi. Usichume chochote hifadhini, piga picha.

Jumanne: kushuka, na mtapo wa Tanga

Kabla ya gari la asubuhi mzee alinipeleka kwenye mwamba wenye kivuli karibu na Sigi, palipoota urujuani wa Usambara, Saintpaulia, maua ya zambarau yenye kiini cha njano, majani yana manyoya, mizizi imeshika mosi tu. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka mimea hii kwao, na Hermann Wendland akaieleza kisayansi mwaka 1893, mwaka ule ule wa mkonge. Leo imo kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Kwao ni hapa, kwenye jiwe linalotiririka. Nilimlipa mzee, nikamwongezea, akaniombea safari njema.

Muheza nilimtafuta bibi wa machungwa nikamwonyesha video ya mosi ikiamka. Aliiangalia mara tatu, akamwita jirani yake naye aje aone.

Mjini Tanga, nikisubiri basi la Dar, nilipita nyumba ya zamani yenye mtapo mbele ya ua, mmea wa mbegu usio na maua unaofanana na mtende mfupi. Mwenye nyumba aliniona nimesimama muda mrefu, akanikaribisha ndani nikae kivulini. Mtapo una mbegu, na mbegu ndiyo iliyokata kamba ya maji: kichanga, chakula chake na ganda, vyote vimefungwa pamoja, vinasubiri mvua hata kwa miezi. Mimea ya mbegu ilijitokeza zaidi ya miaka milioni 360 iliyopita. Chavua inasafiri hewani au kwa mdudu, haihitaji dimbwi. Lakini mwaka 1896 Mjapani Ikeno Seiichirō aligundua kwamba ndani ya mbegu changa ya mtapo wa kwao, chavua ikishafika, inaachia mbegu za kiume zenye mikia mingi, nazo zinaogelea kwenye tone dogo ambalo mmea wenyewe umelitengeneza. Nilimweleza mwenye nyumba. Aliuangalia mtapo wake, akauliza huu wake ni dume au jike. Hazijatoka koni, nikamwambia, zikitoka anipigie, tukabadilishana namba.

Basi la saa 8, Sh 22,000 tena. Jumla yote, kulala na mwongozaji ndani, haikufika Sh 400,000. Anayetaka kwenda kwa ajili ya mosi na kangaga aende mwishoni mwa masika kama mimi, barabara ikiwa mbaya lakini kila kitu kikiwa macho. Anayetaka urahisi wa usafiri asubiri mwezi wa 8, ila abebe chupa ya ziada ya maji ya kuamshia mosi.